Perege Tuliowabeba Kichwani

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani, soda na hotuba ndefu. Nashukuru kwa vyote, ingawa mtu aliyestaafu sijui saa ataifanyia nini. Kilichonikaa moyoni ni swali la yule binti wenu mpya. Alikuwa akifunga mfuko wa plastiki wenye vifaranga vya perege na hewa ya mtungi, akaniuliza enzi zetu samaki hai tulikuwa tukiwasafirisha kwa kutumia nini. Nikamjibu, kichwa. Akacheka, na ninyi wote mkacheka naye, mkidhani mzee anatania. Tangu siku hiyo nimekaa barazani kwangu hapa Mtendeni nikiliwaza jibu lile, nikaona niliandike lote, maana wenzangu wa kazi hii wamebaki wachache na ninyi mna haraka ya kucheka kabla hadithi haijaisha.

Vyeo sitavitaja. Mshahara ndiyo kabisa, mke wangu anasoma karatasi zangu. Nitasema habari za maji.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, na maji niliyoyajua mimi yalikuwa ya bomba na ya kisima cha msikiti. Bwana aliyenihoji aliniuliza kama naweza kuogelea. Nikasema mimi hujifunza upesi, naye akaandika kwamba naweza. Nikakabidhiwa baiskeli, mizani ya kuning'iniza, koti la mvua lililoshonwa kwa ajili ya mtu mnene, na jina la Bwana Samaki, ambalo limenifuata mpaka leo hata sokoni. Nikaelekezwa Mto Ugalla.

Nilifika mwisho wa masika. Mawazoni mwangu mto ulikuwa mtaro mkubwa wenye kingo mbili, mtu anasimama huku anaona kule. Nikatokea kwenye miombo, nikakuta maji yamefunika mbuga nzima hadi macho yanakoishia, miti imesimama ndani yake, ndege weupe wametua juu, na hakuna kelele yoyote. Nilisema Subhanallah kwa sauti, baiskeli ikaniponyoka ikanipiga mguuni. Nilirudi mahali pale pale kiangazi kilipokolea, nikadhani nimepotea njia: mchanga mtupu, dimbwi hapa, dimbwi pale, na viboko wamebanana ndani yake kwa hasira. Nimeufanyia kazi mto huo miaka mingi na sijaacha kushangaa kwamba ni mto mmoja.

Aliyenifundisha alikuwa mvuvi wa makamo aitwaye Maganga, aliyeishi ukingoni na mkewe Nyamizi. Mtumbwi wake ulikuwa gome la mti mmoja wa mtundu, limebanduliwa zima zima, likakunjwa ncha na kushonwa kwa kamba za miti. Ukikaa ndani unayahisi maji yakipita chini ya ngozi ya mtumbwi. Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu, nisipige chafya. Nilikaa kama bi harusi, magoti yamebana, nikimwomba Mungu anilinde na mafua.

Maganga alivua kwa ndoana, mshipi na ufito wa mwanzi. Mto ule haukai peke yake. Una mikono mingi inayoingia kwenye mabwawa na matete, na maji yanapoanza kupungua, mabwawa yanarudisha maji mtoni kupitia mikono hiyo, pamoja na samaki wadogo waliokulia humo. Pale mkono unapoungana na mto ndipo Maganga alipoegesha. Yuko samaki wa jamii ya perege mwenye mdomo mkubwa, anayekula samaki wenzake, sisi tulimwita mdomo-mpana. Maganga alisema mwenye akili hakimbizani na chakula, hukaa mlangoni kinapopita. Alikuwa akitupa chambo chake karibu na tete la mwisho, anakiacha kizame kidogo, anakivuta kidogo, anakiacha tena. Halafu maji yanafumuka. Nimeona mambo mengi yenye nguvu, treni ya Kigoma ikiwemo, lakini ule mvuto wa kwanza wa mdomo-mpana kwenye mshipi, unaoupata mkononi kabla hujaona chochote, ulinifanya nitetemeke kila mara. Hata mwaka wa mwisho wa kazi ulinitetemesha.

Vijana, chukueni hili, ni la kazi. Maganga alipotaka samaki wa kula alitumia ndoana kama ilivyotoka dukani. Alipotaka samaki wa kumwachia aliisugua kwa tupa hadi kile kimwiba cha pembeni kikaisha, ndoana ikatoka mdomoni bila kuchana. Wavu hukwangua magamba na ule utelezi wa ngozi, na samaki aliyekwanguliwa anaweza kuogelea vizuri leo akafa keshokutwa. Mimi niliwaletea wavu wa serikali kwa mbwembwe nyingi. Maganga aliusifu sana, akaanikia mihogo.

Siku moja ndoana yangu ilimkwaa ubavuni perege jike, koo limemvimba, mdomo ameufumba kwa nguvu. Nilipomshika akatapika sakafuni mwa mtumbwi kitu nilichodhani ni mchanga, kisha mchanga ule ukaanza kuogelea kwenye yale maji kidogo yaliyokuwa chini. Walikuwa watoto. Wengi, kila mmoja macho mawili na mkia. Mama yao alikuwa amewaficha mdomoni, na Maganga akaniambia kwamba siku zote hizo hali kitu asije akawameza. Maganga aliwakusanya kwa kibuyu, akawamimina taratibu kwenye majani ya ukingoni, huku akimnong'oneza yule mama kama mtu anayeomba radhi. Kisha akanieleza kwamba mama akitishwa mno huwatema, na akiwatema ugenini hao ndio wameliwa.

Baadaye zikaja zile siku za operesheni ya vijiji. Sitabishana na mtu hapa kuhusu siasa. Waliohamishwa walipata shule na zahanati, nami nimewaona watoto walioponea kwenye zahanati hiyo. Lakini watu wa ukingoni mwa Ugalla walipelekwa Igembe, kijiji kipya kando ya ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, na Igembe haikuwa na maji hata ya kumlowesha bata. Maganga alipewa jembe na kipande cha shamba. Nilipomtembelea nilimkuta amechomeka ndoana zake kwenye boriti juu ya meko, zimeshika kutu na masizi. Nikamwamkia, shikamoo baba. Akaitikia marahaba. Kisha akaniuliza.

"Bwana Samaki, mtu akiniuliza sasa kazi yangu nini, nimjibuje?"

Kiangazi kile wanakijiji walichimba lambo, wote kwa zamu, kwa majembe na karai. Mvua za kwanza zikalijaza nusu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwomba aruhusu watu wachache warudi mtoni wakalete perege wa mbegu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu moja, kwamba wakiuona mto hawatarudi. Alifikiri sana, akatoa ruhusa ya safari moja. Samaki wakipona, alisema, Maganga atatolewa kwenye zamu za shamba awe mvuvi wa kijiji na mlinzi wa lambo. Wakifa, habari ya mto ifungwe, lambo liwe la ng'ombe na matofali. Maganga aliyasikiliza masharti hayo akiwa amesimama, jembe begani, akasema amekubali.

Ofisi ilituahidi lori. Nalisubiri hadi leo.

Basi tulikwenda kwa miguu, wanaume kwa wanawake, na madebe matupu yakigongana njiani. Nyamizi alikuwemo. Alikuwemo pia Yohana, mwalimu wa shule ya kijiji, kijana wa familia ya Kimoraviani aliyetaka kuonyesha kwamba mwalimu naye anajitolea. Tuliufikia mto. Nyamizi aliingia maji ya magotini na nguo zake, akasimama pale. Nilianza kumwelewa mwenyekiti.

Tulivua kwa ndoana zisizo na mwiba, perege tu. Mdomo-mpana tulimrudisha kila aliposhika, maana kumtia kwenye debe la perege ni kumwandalia karamu. Tuliwahifadhi katika kizimba cha matete penye kina kifupi, na asubuhi ya kuondoka tukawagawa kwenye madebe. Ndipo Maganga alipoinua jike mmoja aliyejipenyeza kizimbani mwenyewe, koo limevimba. Akamwangalia, akataka kumwachia. Mkewe akamzuia mkono.

"Mtie kwangu," Nyamizi alisema. "Mimi simwagi."

Hapa inabidi niwaeleze habari za watu wale. Babu zao walibeba pembe na vitambaa kwenye njia ile ile tuliyokuwa tukiishika, kutoka huku hadi pwani, na kubeba kwao si kazi, ni adabu. Wanaume walibeba kwa mzega, ule mti wa begani wenye mzigo kila upande, na wanawake kwa kichwa. Mwanamke wa kule akibeba maji huweka matawi yenye majani juu yake, maji yakatulia, yasiruke. Tangu utotoni binti huchekwa akifika nyumbani na bega lililolowa. Basi kila debe likawekwa majani, na msafara ukaenda kimya, shingo zimenyooka, bila tone kuanguka. Nilitembea nyuma yao nikawastaajabia. Isipokuwa mwalimu. Huyo mzega ulimshinda kabisa: debe la mbele likipanda la nyuma linashuka, maji yanamrukia mgongoni, majani yake yalianguka mapema na hakuyaokota. Wanawake walimwimbia wimbo wa papo kwa papo ambao sitauandika, kwa kuwa baadaye alikuja kuwa mzee wa kanisa.

Jua lilipopanda tukapumzika kivulini. Nyamizi aliondoa majani kwenye debe lake, akaniita kwa sauti ndogo. Perege wake walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanatweta. Tukafunua madebe mengine. Kwa wengine samaki walikwishageuka matumbo juu. Maganga alipita debe hadi debe akiwatoa waliokufa, akiwalaza kwenye nyasi mmoja mmoja, na kila alipoinama nilimwona anazidi kuzeeka. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Nilishika maji kwa mkono: hayakuwa ya moto. Nilinusa: hayakuwa machafu. Hatukuwa tumekosea kitu.

Yaliyobaki yalikuwa ya mwalimu. Alikuwa amekaa mbali kwa aibu, shati limemganda mwilini, na madebe yake yamepungua mno. Maganga akafunua la kwanza, na perege akaruka akampiga kifuani. Wote walikuwa wazima. La pili vivyo hivyo.

Tulisimama tukamzunguka mwalimu kama watu waliomfumania. Maganga ndiye aliyesema kwanza, polepole, kwamba mtoni samaki hukaa pale mkono unapomwagikia, penye maji yanayochezacheza, na kiangazi wanaokufa mwanzo ni wa madimbwi yaliyolala. Akachovya kibuyu kwenye debe la mkewe, akakiinua juu akayamimina yale maji tena debeni kwa kishindo, akarudia, akarudia. Wale waliokuwa wakitweta wakaanza kushuka chini. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba samaki anahitaji hewa, na nilikwishawafundisha wengi jambo hilo. Lakini nani angewaza kwamba hewa ile ingezuiwa na majani matatu na shingo iliyonyooka? Tulikuwa tukiwaua kwa ustadi wetu.

Nikawaambia wayatupe majani, wabebe ovyo, maji yaruke. Wanaume walicheka, wakakubali. Wanawake walimtazama Nyamizi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye wakwe, na tulikuwa karibu kuingia kwenye mashamba ya watu.

"Nipite mbele ya watu nimelowa, kama mwalimu?" aliuliza.

Hakuwa akitania. Maganga hakumwomba. Alikaa chini, akasema kwa utulivu kwamba amebeba vya kutosha maishani hata jembe atalizoea, na kwamba mkewe asijivunjie heshima kwa ajili ya samaki. Nilimwona Nyamizi akimsikiliza, macho yake yako kwenye ile mikono ya mumewe yenye malengelenge ya mpini. Kisha akainama, akayatoa majani yote debeni, akayaweka chini kwa heshima kama mtu anayevua kilemba. Akajitwika.

Mwanzo hakuweza. Shingo yake ilikataa. Mwili uliozoea kutomwaga hutuliza maji wenyewe, mwenyewe hataki, yanatulia. Ikabidi mwalimu atembee mbele yake amwonyeshe, hatua moja ndefu, moja fupi, nyonga huku, bega kule, na Nyamizi akamfuata hatua kwa hatua. Maji yakampiga usoni. Akakohoa, akaendelea. Kila kijito tulichovuka tuliongeza maji, kidogo kidogo wasishtuke kwa baridi, na kila tulipotua tulimimina kwa vibuyu. Tulipita kwenye mashamba, watu wakaacha majembe wakasimama kututazama: Wanyamwezi wazima, wajukuu wa wapagazi, wanabeba maji kama walevi. Mzee mmoja alituuliza kama kuna msiba. Nyamizi alimwamkia vizuri, maji yakimtiririka kidevuni, akapita. Nimeona watu wakifanya mambo makubwa, wengine wamejengewa sanamu. Mimi nilimwona huyo, na hadi leo nikimkumbuka nywele zinanisimama.

Tulifika Igembe jua likiwa bado lipo. Kijiji chote kilikuwa ukingoni mwa lambo, mwenyekiti mbele. Tukayazamisha madebe, moja moja, samaki wakatoka wenyewe. Walikuwa wachache kuliko tulivyotaka. Mwenyekiti alitazama, akauliza kwa upole kama hao wanatosha kuitwa mbegu. Kwa kweli sikuwa na hakika.

La mwisho lilikuwa la Nyamizi. Alipiga magoti kwenye tope, akalilaza debe penye maji ya kifundo. Yule jike akatoka, akasimama pale pale kwenye mwanga, mapezi yakitikisika, koo bado limevimba. Njia yote ile, mtikisiko wote ule, na mdomo ulikuwa umefumbwa. Maganga akatuashiria tusisogee. Tukangoja. Kisha jike akafungua mdomo, na watoto wakatoka kama moshi mwembamba, wakatanda mbele yake, wengi hata maji yakabadilika rangi. Mtoto wa mtu akasogea ukingoni, kivuli chake kikaangukia maji, na wote kwa pamoja wakarudi mdomoni, mama akafumba. Kivuli kikaondoka. Akawatoa tena.

Nilikuwa nikilia, na sikuwa peke yangu. Mwenyekiti alivua kofia.

"Kumbe tulikuwa wengi safarini," Nyamizi alisema, huku akijikamua kitenge.

Miaka iliyofuata nilipeleka samaki kwenye malambo mengi, hadi Igunga kwa wafugaji, kwa mapipa na malori yaliyofika kweli, na kila mara nilimweka mtu nyuma wa kumimina maji kwa kibuyu. Madereva waliniona nina kasoro. Lakini kesho yake ya siku ile ya lambo, kabla sijatoka Igembe, nilimpita Nyamizi akitoka kisimani, debe kichwani, majani yamepangwa juu, bega kavu kabisa. Aliitikia salamu yangu bila kugeuza shingo.

Nilikwenda kumuaga Maganga. Nilimkuta mlangoni na tupa mkononi, ndoana zake zote ameziteremsha kutoka kwenye boriti, anasugua moja. Nikamkumbusha kwamba lambo limefungwa ili samaki wazaane, hakuna kuvua hadi masika ya mwakani.

"Najua," akasema, bila kuinua kichwa. "Hii kazi ina maandalizi."